Nukta Arobaini na Moja

Kichupa kilifika saa kumi, kifuniko cha zambarau,
mkobani mwa bodaboda aliyelowa mvua ya Upper Hill.
Nashipae, miaka sita.
Uboho, wiki ya kumi na mbili ya dawa.
Swali la daktari ni neno moja: Imebaki?

Nilizipaka seli rangi, nikazipitisha
moja moja mbele ya leza,
kama watu langoni, kila mmoja na kitambulisho chake.
Nusu milioni. Zikawa nukta kwenye skrini.

Na pale, upande wa seli changa, nukta zimejaa.
Kagendo akashika mdomo. Ameanza kazi Januari,
bado hajui kwamba ugonjwa na kupona huvaa sare moja.
"Usihesabu kwanza," nikamwambia. "Tazama mwendo."

Seli yenye afya haikai. Inavua thelathini na nne,
inapunguza kumi, inapandisha ishirini,
mpaka nukta zinachora upinde,
kijia kilichokatwa na miguu ya wapitao.
Hao ni watoto wa uboho, wanakua, wanaenda zao.
Saratani hurundikana mahali pamoja,
changa leo, changa kesho.

Upinde ulikuwepo. Kagendo akacheka, akaenda kuchemsha chai.

Nami nikabaki. Chini ya upinde, kando kidogo,
nukta arobaini na moja.
Labda takataka. Labda seli mbilimbili zilizogandana.
Nikaziondoa zilizogandana. Zikabaki arobaini na moja.
Nikageuza mhimili:
thelathini na nane yao imefifia
pale ambapo ingepaswa kuwaka.

Stima ikapotea, jenereta ikakohoa, skrini ikarudi.
Arobaini na moja.

Baba yake yuko chini, kwenye benchi,
sweta ya mtoto mapajani.
Anataka ndiyo au la. Hata mimi.
Nina miaka kumi na tisa kwenye kiti hiki
na "sijui" bado hunichukua muda kuiandika.

Niliandika: uboho unaota upya.
Niliandika pia: kundi dogo, halifuati njia,
halijafikia kipimo cha kupewa jina.
Pimeni tena baada ya wiki nne.

Kisha nikafuta "dogo".
Chai ikapoa.
Nikalirudisha.