Fremu Kumi na Moja

Mwanamvua alishusha turubai kumi na moja
kwenye baiskeli ya kukodi, zimefungwa kamba ya mkonge.
Fundi, nataka mninga. Vanishi usipake.

Karakana yangu ipo Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Nimetia fremu vyeti vya ndoa, Ayatul Kursi,
marehemu waliobahatika kupigwa picha wakiwa hai.
Nchi nzima, sijawahi.

Alikaa kule siku kumi na mbili, Korea ya Kaskazini.
Barabara pana kama Mkwakwani, na gari moja.
Kalichora hilo moja, la kijani,
taa nyekundu imeliamuru lisimame
na hakuna anayevuka.
Kachora dirisha la hoteli, ghorofa ya ishirini na saba,
mji umezimika ghafla
kama mtu aliyefumba macho asiulizwe.
Kachora kitana juu ya sinki.
Kitana nacho? nikamuuliza.
Hicho hawakunikataza.

Penseli ililala begini tangu uwanja wa ndege.
Alitazama kwa kuhesabu, ngazi ngapi, vifungo vingapi,
usiku akidurusu kitandani
kama mtoto wa chuoni anayeiogopa bakora ya asubuhi.

Nikamtania: si ndiyo yetu hiyo, waja leo waondoka leo?
Hakucheka.
Kule, alisema, niliyekuja na kuondoka ni mimi tu.

Turubai ya tisa: mwavuli, na mkono ulioushika.
Mkono wa mkalimani wake. Kucha fupi,
wino kwenye kidole cha shahada.
Mvua inanyesha upande wa mkono;
upande wa pili pakavu, pana nafasi ya mtu.

Nikaigeuza nipime.
Nyuma, kwa penseli, jina,
limeandikwa kwa utaratibu
kama jina la mtoto kwenye kadi ya kliniki.

Ziba kwa plaiwudi, akasema. Misumari, siyo gundi.
Gundi huachia.

Nilipiga kumi na minne.

Siku ya maonyesho, pale boma la Wajerumani,
mwalimu mmoja mstaafu akazunguka mara mbili,
akauliza kwa sauti: mbona nchi haina watu?
Labda sura zinamshinda.
Mwanamvua akapuliza chai yake.

Mimi nilikuwa ukutani, karibu na ya tisa.
Kijana akanyoosha mkono:
imeinama kidogo, mzee, niiweke sawa.

Iache, nikamwambia.
Iache hivyo hivyo.