Upande wa Nyuma wa Fomu

Kijana wa kampuni alifika Jumanne kutoka Mbeya,
viatu vinang'aa mpaka matope ya Njombe yakaona haya,
akafungua mkoba juu ya meza ya mapokezi:
Shaba, Fedha, Dhahabu.
"Mama, boila lako likilala, sisi tuko macho."
Fedha ni laki nne na nusu kwa mwaka.
Nikaisoma kwa miwani, nikaisoma tena bila miwani:
valvu imo, pampu imo,
fundi atafika ndani ya saa arobaini na nane;
kutu haimo, magamba ya chokaa hayamo, sakitu haimo,
bomba lililofukiwa halimo,
vigezo na masharti kuzingatiwa.

Nikamwuliza: Julai ya hapa unaijua?
Akasema ameisikia.

Julai haisikiwi, baba.
Julai ni nyasi zinazovunjika kama vigae chini ya ndala,
ni mgeni wa chumba namba nne, karani wa chai,
kasimama saa kumi na moja alfajiri, taulo begani,
ananitazama kama nimemwibia ng'ombe.
Saa arobaini na nane?
Ameshaoga kwa jirani,
na jirani ameshampa na uji.

Halafu kuna Nyagawa.
Nyagawa hana tai, hana risiti,
spana zake zimo ndani ya gunia la mbolea.
Boila hili alilifunga yeye,
mwaka ule marehemu mume wangu alipolinunua kuukuu misheni.
Huliwekea sikio kama mkunga,
husema, "Linakoroma kushoto,"
na kweli kushoto ndiko kulikoziba.
Elfu thelathini.
Au debe la viazi, akiona haya kuitaja elfu thelathini.

Lakini nisimpambe.
Msimu wa viazi simu yake huzimwa siku tatu.
Mwaka juzi alinifungia valvu kichwa chini, tukaoga mvuke.
Na magoti yake! Machi alilazwa Ikonda wiki mbili,
nikajikuta ninamwombea,
kisha nikajishtukia:
ninaomba magoti, au ninaomba maji ya moto?

Fomu ililala chini ya sinia siku tisa.
Ya kumi nikamwita, nikamwambia wazi:
Nyagawa, nikulipe kila mwezi, liharibike lisiharibike?
Akafuta mikono kwenye suruali,
akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Unataka kunilipa kwa siku ambazo sikuja?"
Akaligonga boila kwa kidole, nalo likaitika.
"Siku hizo linanguruma vizuri,
ulidhani ni kazi ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na chai, nikammiminia.
Miaka kumi na minne.
Siku za kuharibika hazitimii vidole vya mikono na miguu;
zilizobaki zote, maelfu,
nimeoga kwa mkopo.

Akaomba kalamu.
Karatasi iliyokuwa karibu ni ile fomu. Akaigeuza.
Akachora: hapa tangi, hapa bomba la kupanda,
hapa linapita chini ya mparachichi, usije ukachimba,
hapa kiungo nilikifunga kwa mpira wa baiskeli,
nilisema nitarudi, sikurudi,
hapa…
kalamu ikasimama hewani.
"Hapa sikumbuki.
Marehemu ndiye aliyekuwa ameshika tochi."

Tukakaa tukiitazama nafasi ile nyeupe,
upana wake kama ukucha.

Siku hizi kila tarehe moja natoa elfu ishirini,
na kila tarehe moja binti yangu Imakulata anashika tochi,
anauliza maswali mengi mno.
Nyagawa anasonya, anajibu.

Kijana wa Mbeya alipopiga simu
kuuliza kama fomu nimeijaza,
nilimwambia imejaa.