Vifundo

Kwa miaka kumi na mitatu tuliyang'oa, hapa Chavakali,
mimi na mavyaa wangu Kageha.
Tulivuta shina moja la haragwe kila mstari, tukatazama mizizi;
ikiwa na vifundo, mstari mzima uling'oka.
"Tambazi hiyo," alisema, "itaambukiza wenzake."
Akatupa ng'ambo ya mtaro, kwenye mabingobingo ya Kisia,
nami nyuma yake na karai.

Aprili hii mjukuu wake Vihenda karudi likizo
na wembe mpya ndani ya daftari.
Alichuchumaa, akapasua kifundo kimoja juu ya ukucha wa gumba.
Ndani, wekundu.
Si wekundu wa udongo wetu. Wekundu wa ufizi wa mtoto.
"Damu?"
"Binamu yake damu, bibi. Inawapimia hewa walio ndani."

Akatusimulia, goti moja matopeni:
mzizi ukishikwa na njaa hutoa neno,
neno lisilo na sauti, lenye ladha tu,
likazama gizani chembe kwa chembe
hadi limfikie kidudu ambaye jicho halimwoni.
Naye hujibu kwa ladha yake:
hodi.
Unywele wa mzizi hujikunja
kama kidole kinachomwita mtoto,
humkumbatia, humfungulia ujia
mwembamba kuliko uzi wa buibui,
na huko ndani, kabla mgeni hajafika,
chumba kimeshaanza kujengwa,
seli zajigawa, zajigawa,
mpaka ukuta unavimba.

Hiyo ndiyo tambazi yetu.

Mgeni huyu hangoji siku ya tatu apewe jembe;
amekuja nalo.
Huikamata hewa, hii hii tunayoivuta na kuitoa bure,
akaifinyanga iwe chakula cha jani,
akalipwa sukari papo kwa papo,
wala hakuna daftari la deni.

"Na nikitia mbolea ya duka?"
"Ukiizidisha, bibi, mzizi hushiba.
Ukishiba hauiti mtu."

Kageha hakujibu. Alifuta mikono kwenye leso,
akavuka mtaro, akasimama
mahali tulipotupa misimu yote ile.
Mabingobingo yalimfika mabegani,
kijani kikikaribia weusi.
Upande wa pili fahali wa Kisia alicheua,
mgongo wake waking'aa kama sufuria ya arusi.

"Kumbe," akasema,
"miaka yote hii namlishia Kisia ng'ombe wake."