Ringi Iliyopinda

Mwanahawa, sogeza karai, tia maji nusu.
Tyubu ikizama haidanganyi:
panapotoka povu ndipo penye tundu.
Hata mimi wamenizamisha, kule Bombo,
wakanipaka mafuta ya baridi tumboni,
wakanionyesha kwenye kioo ini langu
lenye mabaka, kama ramani
ya nchi ambayo sijawahi kutumwa.
"Kiraka?" nikauliza.
Daktari akatazama viatu vyake.
Nilimshushia tandiko yule, akiwa darasa la tatu;
nikajikuta mimi ndiye ninayemshika bega:
"Baba, umefanya kazi yako vizuri."

Miezi minne, alisema. Labda mitano.
Nikapanda baiskeli yangu nyeusi,
kona ya Ngamiani sikuikata.
Nikashuka na njia ya Raskazone,
nikaachia usukani,
mikono yote miwili, mtu wa miaka sitini na tatu,
kanzu ikinipigia makofi mgongoni.
Muuza machungwa akapiga kelele,
"Babu, utakufa wewe!"
Nikacheka mpaka nikasimama kukohoa.
Nikanunua sita, ya Muheza,
nikamuuliza, "Umejuaje?"

Sasa sikiliza, maana nikishameza ile dawa ya jioni
maneno huteleza kama cheni iliyolegea.
Ringi ikipinda kushoto usiikimbilie na nyundo.
Kaza spoku ya kulia, robo mzunguko,
legeza ya kushoto, robo mzunguko,
kisha izungushe, uitazame.
Mimi nyumba yangu niliikaza upande mmoja
miaka ishirini,
mpaka Bi Tatu akakatika,
akarudi kwao Pangani na sanduku la bati.
Juzi nimempigia simu.
Aliniuliza kama bado nakula pilipili.
Nikasema naam.
Chakula chote sasa kinaninukia chuma,
lakini uongo mwingine ni grisi tu, mwanangu,
unapita kwenye gololi, gurudumu linakwenda.

Daftari la madeni liko chini ya boksi la spana.
Wa Makorora, wa Chumbageni, usiwadai,
wengi wamekufa au wamenunua pikipiki.
Shekalaghe mdai. Kila siku, mbele ya watu.
Ukinyamaza atadhani tumemsusa.
Na ukurasa wa mwisho, wenye wino mwekundu,
hilo ni deni langu:
mwaka wa themanini na nane nilinunua baiskeli usiku,
bei ya bure, sikuuliza.
Asubuhi kijana akapita kwa miguu, analia,
nikainamisha uso kwenye pampu.
Anaitwa Mhina, siku hizi anakaa Duga.
Ile ya bluu niliyokukataza kuiuza,
mpelekee.
Usinitetee.

Jioni wanakuja watu, wanajaa kwenye benchi,
wananong'ona kama ndani mna mtoto mchanga.
Wanataka niwaachie neno.
Mgonjwa wa kufa, wanadhani, amefunuliwa kitabu.
Sikufunuliwa kitu.
Chungwa sasa nalinusa kwanza, muda mrefu, kabla ya kulimenya.
Na solusheni iache ikauke ndipo ubandike;
mwenye haraka hubandika mara mbili.
Basi. Hayo tu.

Leo miguu imekataa kushuka kitandani.
Nimekuachia ringi ya muuza maziwa,
imepinda kama tarakimu ya nane.
Dirisha li wazi. Nakusikia.
Tik.
Tik.
Kila mzunguko inagusa breki pale pale.
Spoku ya saba kutoka kwenye vali, upande wa kulia,
naijua kwa sikio,
na neno limenijaa mdomoni.
Mtoto wa jirani anakuuliza, "Babu amelala?"
Nafumba macho.
Tik.
Kimya kidogo. Unalegeza.
Tik, lakini hafifu.
Zungusha, Mwanahawa. Zungusha tena.
Nimelala.