Mtama wa Nyemo

Saa kumi na moja alfajiri Kibaigwa haijaamka vizuri,
ila makuli wameshapanda juu ya malori,
na mimi, na daftari langu, na tochi ya simu,
nauliza: mahindi leo? Alizeti? Uwele?
Wananijibu bila kugeuka. Miaka tisa wananijua.
"Andika mia saba, Damari, na uandike kwamba tumechoka."

Mia saba naandika. Kuchoka siandiki.
Saa moja kamili bei ziko kwenye tovuti,
na zamani, kabla chai haijapoa, wageni walishapiga hodi:
mkulima wa Pandambili, mama lishe wa Gairo,
mwenye mashine ya kukamua alizeti kule Singida,
na mtu mmoja wa Mtera ambaye sikujua anatafuta nini
lakini alikuja kila siku, hata Krismasi.

Mtambo wa kutafuta ulikuwa dalali.
Nani anampenda dalali?
Lakini alimshika mteja mkono, akamleta mpaka kizingitini,
akasema, ingia, huyu ndiye mwenye mali.

Sasa dalali amejifunza kujibu.
Kakaa njia panda na mizani yake;
mtu akiuliza bei, anamalizwa hapo hapo
kwa sentensi laini isiyo na vumbi,
na jina langu liko chini kabisa, kwa herufi za sisimizi.
Mteja anashukuru, anageuza baiskeli.
Ningekuwa yeye, ningekuja?

Wageni mia tisa wakawa mia mbili,
mia mbili wakawa thelathini na nane.
Yule wa Mtera naye akapotea.
Matangazo yaliyolipa kodi ya pango hayanunui hata vocha.
Mdogo wangu Amosi, fundi wa mambo haya,
anatoka Dodoma mjini na ushauri mpya kila mwezi:
andika kirefu. Andika kifupi. Andika kama maswali.
Weka picha. Toa picha.
"Wamebadilisha tena," anasema, kama mtu anayesoma hali ya hewa.
Nani? "Wao." Wako wapi? Anacheka.
Lumbesa nimeiona maisha yangu yote,
gunia lenye kilemba juu ya kilemba, likalipwa kama gunia moja;
lakini lumbesa ina mnunuzi, ana uso, unaweza kumtukana.

Mwezi wa saba, kwa hasira, nilipanda mbegu ya uongo.
Chini ya uwele, juu ya karanga, niliandika:
Mtama wa Nyemo, kilo moja, shilingi elfu moja na mia nne.
Hakuna mtama huo. Nyemo alikuwa mama yangu.
Nilitaka kujua nani anaingia usiku,
kama unavyomwaga majivu mlangoni asubuhi uone nyayo.

Siku ya nane nikamuuliza dalali.
Akajibu bila kukohoa:
Mtama wa Nyemo ni aina inayosifika Kanda ya Kati,
hustahimili ukame, punje zake ni nyekundu kidogo.
Punje nyekundu! Hilo mimi sikuandika.
Aliyestahimili ukame ni mama.

Nikafuta. Nikawaomba radhi wageni wangu thelathini na nane.
Neno lilishatoka ghalani.
Alhamisi dereva wa lori la Morogoro akashuka akiuliza,
mtama wa Nyemo unauzwa wapi?
Nikafungua mdomo,
na kabla sijasema, Masinga wa mstari wa tatu
akavuta gunia: "Huu hapa. Ndio wenyewe."
Kalamu ya wino mzito, jina la mama, herufi zimepinda.

Nilinunua kilo mbili. Hakupunguza hata senti.
Jioni nikasonga ugali, nikapika mlenda.
Ulikuwa mtama tu, wa kawaida, una mchanga.
Amosi akauliza mbona sili.
Kesho alfajiri Masinga atanitajia bei yake mpya
na sijui kama nitaiandika.