Alama Nane za Penseli

Oiva, usiku huu nimemzima Kumi na Saba.
Nakwambia mimi kabla hujasikia kwa Taisto,
ambaye mdomo wake haukai na siri.

Usiku nausema kwa mazoea tu.
Saa nane kasorobo, na jua liko pale pale juu ya mnara wa maji,
limekataa kulala kama mtoto aliyeona wageni.
Kinu kimenyamaza. Mara moja kwa mwaka kinanyamaza,
na ile harufu ya mayai viza inapungua
hata mtu akanusa mto.

Swichi arobaini na mbili, saa sita tulizopewa.
Nilianzia mwisho wa mnyororo, kwa walio mbali,
kama ulivyonifunza: ukianza na wa karibu,
akifumba jicho, walio nyuma yake wote umewapoteza.
Mwenye kufunga milango ya nyumba ndefu
huanzia chumba cha ndani.

Faili moja, si kubwa kuliko picha mbili za mjukuu wako,
ikatembea ndani ya waya kipande kwa kipande,
kila kipande kikingoja kuitikiwa "nimepokea"
ndipo kingine kitoke.
Taa ya kijani. Ya manjano. Kisha kiza cha dakika mbili
ambamo hata kahawa haipiti kooni.
Kijani tena. Tiki. Mwingine.

Kumi na Saba akagoma kwenye asilimia themanini na tatu.

Hakufa. Wala hakurudi.
Nilimwita kwa anwani yake mara kumi, mara ishirini;
skrini ikanijibu lile lile, hafikiki, hafikiki.
Nikabeba kompyuta, tochi, kebo ya mita tatu,
nikashuka hadi nyumba ya kukaushia,
ngazi sitini na nne, mbu wawili kwa kila ngazi,
nikafungua kabati ulilolifunga wewe.

Ndani ya mlango:
mistari minane ya penseli, na tarehe kando ya kila mmoja.
Nilisimama kama mjinga. Kisha nikakumbuka.
Saa yake ya ndani hujaa kwa siku mia nne tisini na saba,
ikimwagika huanza tena kwenye sufuri,
kwa hiyo mwenyewe hajui umri wake.
Wewe ulikuwa ukimhesabia.
Mara nane. Karibu miaka kumi na moja hajasinzia,
moto wa ghala ukapita, mgomo ukapita,
ikapita Februari ile iliyopasua mabomba.
Na mstari wa tano una tarehe ya mazishi ya Saimi.
Ulikuja kazini siku ile, Oiva.
Sikujua.

Nilichomeka kebo moja kwa moja.
Ndani yake mna kipembe kisichofutika,
programu changa isiyojua lolote
ila kusubiri mtu alete maneno.
Nikajipa anwani ya jirani yake, nikamtumia upya.
Themanini na mbili. Themanini na tatu.
Nikaushika mlango wa kabati kama azuiaye upepo,
na hapakuwa na upepo.
Themanini na nne.

Sasa anafanya kazi. Tundu ambalo wezi wangepenyea limezibwa,
watu wa bima wataridhika, ripoti nimeandika mistari mitatu.
Muda tangu kuwashwa, nilipomuuliza:
dakika sita.

Taisto ana ndoo ya rangi ya kijivu na amri ya kupaka makabati yote.
Nimemwambia aanzie upande wa pili,
na akifika hapa aniite kwanza.

Penseli yako bado iko juu ya reli ya shaba,
imebaki urefu wa kidole gumba, butu.
Sijachora kitu.
Zamu yake itafika mwanzoni mwa Novemba, mwaka ujao.
Njoo. Uje na kile kisu chako cha kuchongea.