Ngazi ya Mtufaha

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Huyu nilimfungua mwenyewe, Jumamosi ya mwezi wa tatu,
kutoka kasha la buti nililolitoboa kwa kisu cha jibini,
na kabla sijamtamkia jina alikuwa juu ya paa la Bartli.

Viganja viwili, si zaidi.
Mweupe, kama aliyekung'utiwa kalamu ya wino mwili mzima,
na shungi limemwinamia mbele, juu ya macho,
mfano wa kofia za lesi walizovaa bibi zetu wa Gonten
siku ya Ekaristi, shingo ngumu, wasimtazame mtu.
Nikamwita Ottilia, jina la shangazi yangu,
ambaye naye hakukaa mezani hata mara moja hadi mwisho wa mlo.

Wenzake sita walikuwa wa kahawia, wazito, watu wazima,
ukiwaita waja, ukiwashika washikika,
jua likizama wako kwenye ubao wa kulalia, wamepangana kama mikate.
Ottilia saa hiyo yuko mtufahani.

Nikapandisha uzio: mita moja na nusu. Akaupita.
Mita mbili. Akaupita, tena bila haraka.
Nikampunguza bawa moja kwa mkasi wa kudarizia;
akaruka upandeupande kama barua iliyotupwa,
lakini akafika.
Nikitikisa nafaka kwenye kopo, sita wananijia mbio;
yeye kivuli cha kopo kinatosha kumtimua.
Yai lake, dogo, jeupe, nililitafuta wiki nzima,
nikalipata stoo ya kuni, ndani ya buti la marehemu mume wangu.
La kushoto. La kulia hakulitaka.

Bartli huegemea uzio akasema, "Huyo si kuku,
ni kelele yenye miguu. Mtie mchuzini."
Nikamjibu, mchuzi wake hautalowesha kijiko.

Desemba ikaja na baridi ya kupasua ndoo.
Kila jioni nikapanda ngazi, miaka sabini na mmoja,
tochi kinywani, koti la mume wangu limenifika visiginoni.
Gizani kuku haoni; unamchuma tu kama tunda,
na moyo wake unakwenda kiganjani mwako
kama cherehani.

Usiku wa tarehe kumi na tisa goti likakataa.
Nikamwambia kupitia dirishani: lala huko, uganda ukipenda.

Asubuhi theluji ilikuwa imeandikwa:
nyayo za mbweha, mstari mmoja, hauna kosa,
kutoka kijitoni hadi mlango wa banda
na komeo ambalo mimi, kwa kununa, sikulisukuma.
Ya ndani siyasemi.
Wawili nyuma ya pipa, hai, wamebanana.
Na juu, tawi la tatu, theluji mgongoni,
kofia yake ya lesi imeganda ngumu,
Ottilia ananitukana.

Miaka thelathini nilifundisha darasa la pili.
Mkono juu. Mstari ulionyooka. Asiyesikia la mkuu.
Nilisimama pale na slipa zangu zimelowa
nikimkumbuka mtoto mmoja, Sepp wa kinu cha mbao,
ambaye nilimketisha chini mara ngapi, Mungu wangu,
mara ngapi.

Komeo sasa ni la chuma, nalifunga mara mbili,
na siku nyingine nafunga banda tupu.
Maana ngazi sikuirudisha stoo,
na wale wawili wa kahawia wameianza tangu Februari:
kidato kimoja, wanapumzika, wanafikiri,
cha pili, bawa hili, bawa lile,
kama wanawake wenye mizigo wanaopanda basi.
Jana mmoja alianguka.
Akajikung'uta, akaangaza kama kuna aliyemwona,
akaanza upya.

Juu kule, yule mdogo hakusogea kumpisha.